Bunduki ya misumari kwa skatingi na kornisi: anza na kilicho nyuma ya ubao

Ukitazama video za mafundi wa Marekani wakifunga skatingi, ule ubao wa pambo unaozunguka chini ya ukuta, kazi inaonekana nyepesi mno. Fundi anaegesha ubao ukutani, anagusa kwa pua ya bunduki, tak, tak, tak, anasogea. Chumba kizima kinaisha kabla chai haijapoa. Mtu anayemalizia nyumba yake Kigamboni au Kitengela anaitazama, anaagiza bunduki ya aina ileile na misumari ileile, halafu siku ya kwanza ya kazi msumari unajikunja kama tambi ndani ya lipu na skatingi inabaki inacheza. Bunduki ni nzima kabisa. Tatizo ni ukuta.

Chumba cha kawaida cha Marekani kina ukuta wa nguzo za mbao laini zilizosimamishwa kila inchi 16, yaani kama sentimita 40, na juu yake limepigiliwa bodi la jipsam la unene wa nusu inchi. Msumari wa milimita 50 ukipita kwenye skatingi ya milimita 15 na jipsam ya milimita 13, bado una milimita 22 za kuuma mbao. Unashika. Ushauri karibu wote wa mtandaoni kuhusu bunduki hizi, nani anunue ipi, umejengwa juu ya hesabu hiyo, na wanaoutoa hawaoni haja ya kuitaja kwa sababu kwao hakuna ukuta mwingine.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Skatingi ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ya milimita 18, nyuma yake lipu ya milimita 15, nyuma yake tofali la saruji. Msumari uleule wa milimita 50 unafika kwenye tofali ukiwa umebakiwa na milimita 17, nao ni waya wenye unene wa milimita 1.2 hivi. Ukikuta kokoto, unakunja. Ukikuta tofali bovu lenye mchanga mwingi, unaingia na kutoka bila kushika kitu. Kwa hiyo mtu anaponiuliza bunduki gani ni nzuri, namjibu kwa swali: ubao wako unapigiliwa kwenye nini? Ukishalijibu hilo, msumari unajichagua wenyewe, na ukishaujua msumari, bunduki inabaki moja au mbili tu dukani.

Unene wa msumari

Bunduki hizi hutajwa kwa geji, na geji huwachanganya watu kwa sababu namba ikipanda, msumari unakonda. Lakini aliyewahi kununua bati analijua jambo hili tayari: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Misumari nayo ni hivyohivyo. Geji 15 ina unene wa kama milimita 1.8, geji 16 kama milimita 1.6, geji 18 kama milimita 1.2, na geji 23 ni kama milimita 0.6 tu, uzi wa chuma usio na kichwa ambao mafundi wengi huuita pini.

Tofauti ya milimita 1.6 na 1.2 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye ubao ni kubwa. Msumari wa geji 16 unashika kwa nguvu zaidi na haupindi ovyo, ila unaacha tundu la kuzibwa, na ukipigwa karibu na ncha ya ubao mwembamba unaupasua. Wa geji 18 una kichwa kidogo sana, tundu lake huzibwa kwa puti kidogo likapotea chini ya rangi, na huvumilia kupigwa karibu na ukingo. Pini ya geji 23 karibu haionekani kabisa, lakini usiidanganye nafsi yako kwamba inabeba kitu: haina kichwa cha kuuzuia ubao usichomoke. Kazi yake ni kuushika ubao mahali pake mpaka gundi ikauke. Bila gundi, pini ni pambo.

Geji 15 niipite haraka. Ni ya kufunga fremu nzito za milango na mbao nene, magazini yake, yaani sehemu inayobeba misumari, huwa imelala kwa pembe ili pua iingie kwenye kona, na misumari yake haipatikani kirahisi katika hadwea zetu. Kwa mapambo ya ndani ya nyumba sioni kwa nini uihangaikie.

Herufi kwenye boksi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Muuzaji wa Kariakoo hatakuambia geji. Atakuambia "hii ni F30" au "hii ni T50", maana bunduki nyingi zinazofika kwetu zinafuata majina ya viwanda vya China. Si majina magumu. Herufi ni aina ya msumari, namba ni urefu mkubwa kabisa, kwa milimita, unaoweza kuingia.

F30 basi hupiga misumari ya geji 18 kuanzia milimita 10 hadi 30. F50 ni geji hiyohiyo, ila hufika milimita 50. T50 ni geji 16 hadi milimita 50, na T64 huongeza urefu hadi 64. Ukiona P mbele, kama P625, hiyo ni ya pini, na hapa namba inasomwa tofauti: 6 ya kwanza ni unene wa milimita 0.6, na 25 ni urefu. ST64 ni mnyama mwingine kabisa. Hupiga misumari ya chuma kigumu, minene ya zaidi ya milimita 2, kwa ajili ya zege na tofali. Zile zenye namba kama 1013J au 422J ni stapla za mafundi sofa, hazihusiki na skatingi hata muuzaji akiapa.

Kuna pia bunduki za mbili kwa moja, zinazopiga msumari wa geji 18 na stapla nyembamba kwa mashine ileile. Chapa kama Total na Ingco zinazo, na bei yake inavutia. Kasoro yake haionekani dukani. Ulimi wa chuma unaosukuma msumari ndani ya mashine hiyo lazima uwe mpana kiasi cha kusukuma stapla, kwa hiyo hata unapopiga msumari mwembamba, ulimi unaacha alama pana kuliko kichwa cha msumari. Kwenye mgongo wa kabati hakuna atakayejali. Kwenye skatingi ya mninga iliyopigwa vanishi, kila tundu litaonekana kama mkwaruzo.

Ukuta wa tofali

Turudi kwenye ukuta, kwa maana ndiko kazi iliko. Wazo la kwanza la watu wengi wakishasikia habari za ST64 ni kuinunua na kupiga skatingi moja kwa moja kwenye tofali. Hesabu inakubali: milimita 64 ukitoa 18 za skatingi na 15 za lipu, zinabaki 31 ndani ya tofali, na msumari ni mgumu. Inafanya kazi, kwa kiasi. Lakini kichwa cha msumari huo ni kikubwa na kinaacha kidonda juu ya ubao. Tena kila pigo linatikisa lipu. Kama fundi lipu alibana saruji, utasikia sauti ya mapengo nyuma na vipande vitaanza kuachia juu ya skatingi yako mpya. Ukifika kwenye nguzo ya zege, msumari unaweza kugoma katikati. Mimi ST64 naiweka kwa kazi zilizofichika, kama kufunga mbao za kupokea kornisi (pambo la pale ukuta unapokutana na dari) ambazo hazitaonekana.

Njia ya kale ya mafundi wetu bado ni nzuri kuliko bunduki yoyote: toboa ukuta kwa keekee, gongomea vijiti vya mbao kwenye matundu, kata usawa wa lipu, kisha pigilia skatingi kwenye vijiti hivyo. Sasa bunduki ya F50 ina mbao ya kuuma. Cha kufanya ni kuweka alama ya penseli sakafuni mbele ya kila kijiti, maana ukishaegesha ubao hutaviona tena. Mwingine hutumia plagi za plastiki na skrubu, anazamisha vichwa na kuvifunika kwa puti, na bunduki haihitaji kabisa. Kwa ukuta ulionyooka vizuri, gundi ya ujenzi peke yake hutosha kwa skatingi ya MDF, na bunduki hubaki na kazi ya kuubana ubao kwenye vijiti vichache gundi ikikauka. Ukuta ukiwa na tumbo, gundi peke yake haitaushinda ubao unaotaka kunyooka.

Kuna sehemu ambazo bunduki inang'ara hata katika nyumba ya tofali. Mbao zinazofunika mwanya kati ya fremu ya mlango na lipu ni mfano mzuri. Ukingo wake wa ndani unakalia fremu, na fremu ni mbao. Piga F30 au F50 kwenye ukingo huo kila sentimita 30 au 40, paka gundi kwenye ukingo wa nje unaokalia lipu, basi. Dari ni hivyohivyo: kama kuna blandaring ya mbao nyuma, yaani fremu inayoshikilia dari, kornisi ya mbao inapigwa kwa raha, na kazi ya kusimama juu ya ngazi huku mkono mmoja umeinua ubao na mwingine unatafuta nyundo, msumari ukiwa mdomoni, inaisha. Kwa hilo pekee bunduki inajilipa. Ila kama dari ni la jipsam lenye fremu za chuma chembamba, misumari hii haishiki chuma. Hapo ni gundi au skrubu. Makabati ya jikoni, wodirobu, bidingi (vijiti vyembamba vya mbao) za vioo, kazi zote za mbao kwa mbao, ni uwanja wa F30.

Mbao zetu ni ngumu

Jambo la pili ambalo ushauri wa ng'ambo haulitazamii ni mbao. Bunduki za geji 18 zilibuniwa zikitarajia msonobari na MDF. Paini ya Sao Hill na saiprasi zitapokea msumari bila ubishi. Mninga mkavu utapokea ukilazimishwa. Mkongo utakurudishia msumari ukiwa umesimama nusu nje, na mvule wa zamani kutoka nyumba iliyobomolewa una tabia zake.

Msumari ukigoma, fundi asiye na subira hufungua upepo mpaka mwisho. Usifanye hivyo. Angalia kwanza kiwango kilichoandikwa kwenye mwili wa bunduki. Nyingi huishia baa 7 au 8 za shinikizo la hewa. Pandisha kidogo kidogo ndani ya kiwango hicho, na kama bado, punguza urefu wa msumari. Msumari wa milimita 30 unaozama wote unashika kuliko wa 50 uliokunjika katikati. Ikishindikana, hamia geji 16, ambayo haikunji kirahisi. Lakini hapo unakutana na utata: mbao ngumu inaomba msumari mnene, na ubao mwembamba wa mapambo uliochongwa kwa mbao hiyohiyo unapasuka ukipewa msumari mnene. Kwa bidingi za mninga za milimita 10, jibu langu ni pini na gundi. Kwa fremu nene, geji 16. Na kwa ncha ya ubao wa mkongo, toboa kwa biti nyembamba kisha gonga kwa nyundo, hakuna aibu.

Msumari hupinda pia kwa kufuata nyuzi za mbao. Ncha yake imekatwa kama patasi, kwa hiyo ukikutana na uzi mgumu huteleza pembeni na unaweza kuchomoza ubavuni mwa ubao. Mara nyingi hupinda kushoto au kulia kwa bunduki, si mbele wala nyuma. Ukishika bunduki kwa mkingamo wa ubao, msumari unaopotea utapotelea ndani ya urefu wa ubao badala ya kutokea ukingoni. Na vidole vya mkono unaoshikilia ubao vikae mbali kuliko urefu wa msumari ulio ndani ya magazini, kila mara.

Upepo, betri au gesi

Bunduki ya upepo ni nyepesi, F30 huwa na uzito wa kilo moja na kitu, ni rahisi kutengeneza, na ndani yake hakuna cha ajabu zaidi ya pistoni, ulimi na ringi za mpira. Gharama yake halisi ni kompresa. Habari njema ni kwamba bunduki hizi hunywa upepo kidogo sana. Kompresa ya lita 24 inatosha na kubaki, na umeme ukikatika tangi likiwa limejaa, bado utapiga makumi ya misumari kabla ya kukwama. Kama unategemea jenereta, kumbuka mota ya kompresa huvuta umeme mwingi sana pale inapoanza kuzunguka. Kijenereta cha kilowati 1 kitazimika mbele ya kompresa ya kilowati 1.5. Jaza tangi wakati umeme upo, au azima la jirani.

Mwaga maji ya tangi kila jioni, hasa ukiwa pwani. Hewa ya Tanga au Mombasa ina unyevu, unyevu ukibanwa unakuwa maji, na maji yakiingia kwenye bunduki ringi zinakufa na chuma kinashika kutu. Matone mawili matatu ya mafuta ya mashine za upepo kwenye mdomo wa kuingizia hewa kabla ya kuanza kazi huongeza maisha yake. Mafuta ya injini si mbadala.

Bunduki za betri zimekuwa nzuri sana. Nyingine zinazungusha gurudumu zito kwa kasi kisha linausukuma ulimi, nyingine zina silinda ya hewa au gesi iliyofungwa inayobanwa na mota halafu inaachia. Fundi anayezunguka nyumba za wateja, chumba hapa chumba pale, atafurahi kutoburuta mpira wa upepo. Ila ni nzito, karibu mara mbili au tatu ya ile ya upepo, na kwenye kornisi mkono unalalamika. Bei nayo ni ya mbali.

Ndugu aliyeko Marekani akikuletea moja kama zawadi, shukuru, kisha tazama chaja. Ya kule ni ya volti 120, na soketi zetu ni 230 au 240. Usipoona maandishi ya 100–240 kwenye chaja, usiichomeke bila transfoma. Mwambie pia kwamba betri za akiba hazipandi ndege kwenye begi la chini, zinakaa naye kwenye begi la mkononi, na zikizidi wati-saa 100 zinahitaji ruhusa ya shirika. Zile bunduki za gesi, ambazo kampuni ya Paslode iliziingiza sokoni miaka ya 1980, zina uzuri wake, lakini kila kikopo cha gesi ni mafuta ya kuagiza, na kwenye ndege hakipandi kabisa.

Kifyatulio

Bunduki hizi hupiga kwa namna mbili. Katika ya kwanza lazima ubonyeze pua kwenye ubao ndipo uvute kifyatulio, na kila msumari unadai uanze upya. Katika ya pili unashikilia kifyatulio kikiwa kimevutwa, na kila pua inapogusa kitu, msumari unatoka. Ya pili ni ya kasi na inafaa kupigilia mbao nyingi za sakafu. Kwa mapambo chagua ya kwanza. Pua huruka baada ya pigo, ikigusa tena mahali usipotaka, pengine gotini, msumari wa pili huwa umeshatoka. Marekani, ambako vifaa hivi vimejaa majumbani, kati ya mwaka 2001 na 2005 wastani wa watu wapatao 37,000 kwa mwaka walifika hospitali za dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Miwani ya kazi ni lazima. Msumari ukikwama, chomoa mpira wa upepo au betri kwanza, ndipo ufungue pua.

Na kwa kuwa karakana nyingi zetu zina mchomeleaji upande wa pili wa ukuta: mtungi wa oksijeni usiunganishwe na bunduki hii hata kwa dakika moja, hata kompresa ikiwa imekufa na mteja anasubiri. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya mashine kwa shinikizo hilo, inalipuka. Gesi ya kupikia vilevile.

Dukani

Uliza misumari kabla ya kuuliza bunduki. Kama duka lina F50 ya bei nzuri lakini misumari yake ya milimita 40 na 50 haipo hapo wala duka la pili, iache. Omba wakuunganishie upepo, kisha piga kwenye kipande cha mbao ulichokuja nacho, cha aina utakayotumia nyumbani, si kipande cha paini walichokiweka kwa maonyesho. Zungusha gurudumu la kurekebisha kina cha msumari uone kama msumari kweli unazama zaidi au unabaki juu. Sikiliza kama inavuja upepo ikiwa imetulia. Kwa mtu anayemalizia nyumba moja, mimi ningemwambia achukue F50 na kompresa ndogo, na pesa iliyobaki iende kwenye biti nzuri za kutobolea tofali. Fundi wa samani za Keko au Ngong Road atapata faida zaidi kwa F30 na P625 pamoja.

Kwa nyumba za karibu na bahari, tafuta misumari ya chuma kisichoshika kutu, hata kama ni ghali. Ile ya kawaida huanza kutoa doa la kahawia kupitia rangi nyeupe, na kwenye mbao zenye tanini nyingi kama mkaratusi doa huwa jeusi.

Tundu la msumari kwenye ubao wa kupakwa rangi huzibwa kwa puti, hupigwa msasa, hupakwa. Kwenye ubao wa vanishi, mafundi wengi huchanganya unga wa mbao na gundi nyeupe, kisha wanashangaa kwa nini kila tundu limebaki doa lililopauka baada ya vanishi: gundi hainywi rangi. Paka mkono wa kwanza wa vanishi, uache ukauke, ndipo uzibe kwa puti ya rangi inayofanana na mbao ilivyo sasa, na umalizie mkono wa pili juu yake.